K'gari: wenyeji, wageni waliotupwa na bahari, na hadithi ya Eliza Fraser

Juni 2023 serikali ya jimbo la Queensland, Australia, ilirudisha rasmi jina la K'gari kwa kisiwa ambacho ramani za dunia zilikuwa zikikiita Fraser Island. Habari ilipoenea, mkanganyiko nao ukaenea. Wapo walioelewa kwamba Fraser alikuwa mvumbuzi aliyekigundua kisiwa hicho. Wapo waliosema kwamba jina la Eliza Fraser, mwanamke aliyeteswa na "washenzi" linafutwa ili kuwaridhisha vitukuu vya washenzi hao. Na wapo wanaoshikilia yale waliyokaririshwa darasani, kwamba historia ya Australia inaanza mwaka 1770 na nahodha James Cook, kana kwamba waliokuwepo kabla yake walikuwa wamekaa tu wakisubiri kuonekana.

Fundo hili linafunguka ukiuliza swali moja: wenyeji wa K'gari na visiwa vya jirani waliwapokeaje Wazungu wa mwanzo, na kwa sheria zipi? Nasema sheria kwa makusudi. Walikuwa nazo, na bila kuzijua huwezi kuelewa kwa nini mgeni mmoja alilishwa samaki, mwingine akarushiwa mkuki, na wa tatu akaitwa mwana wa marehemu.

Tuanze na majina. Waaborijini ni watu wa asili wa bara la Australia na visiwa vilivyo karibu nalo, pamoja na Tasmania. Hawakuwa taifa moja. Walikuwa mamia ya mataifa, kila moja na ardhi yake, lugha yake na mipaka inayojulikana na majirani. Watu wa visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, kule kaskazini kuelekea Papua New Guinea, wana asili na utamaduni wao, nao huhesabiwa kando. Wenyeji wa K'gari na pwani inayokitazama ni Wabutchulla. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 123 hivi na ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kilichoumbwa kwa mchanga, ingawa juu ya mchanga huo kuna misitu minene na maziwa ya maji baridi. Wabutchulla wamekuwa hapo kwa miaka isiyopungua elfu tano.

Kisha kuna haya yanayoitwa mawasiliano ya mwanzo kati ya wenyeji na Wazungu. Makosa mengi yanaanzia hapa, kwa sababu watu huyachukulia kama tukio la siku moja: meli imefika, wenyeji wameshtuka, ukurasa umefungwa. Kwenye pwani hii yalichukua zaidi ya miaka sabini na yalikuwa ya aina mbalimbali. Kulikuwa na meli iliyopita kwa mbali. Kulikuwa na mashua iliyotia nanga ikaondoka baada ya siku chache. Kulikuwa na watu waliovunjikiwa na chombo, na wafungwa waliotoroka, walioishi na wenyeji kwa miezi au miaka. Na mwisho wakaja wafugaji wa kondoo na wakata magogo, ambao hawakuja kutembea wala hawakutupwa na bahari. Kila aina ilikuwa na uzito wake, na wenyeji waliipima kila moja peke yake.

Cook yumo katika aina ya kwanza tu. Mei 1770 meli yake, Endeavour, ilipita upande wa mashariki wa K'gari bila kutia nanga. Aliona watu wamekusanyika juu ya jabali jeusi lililochomoza baharini, akalipa jabali hilo jina la Indian Head, kwa kuwa Wazungu wa zama zile waliwaita Wahindi karibu watu wote wa nchi za ng'ambo wasiowafahamu. Wabutchulla wanaliita Takky Wooroo. Cook alidhani nchi ile ni rasi iliyoshikana na bara, akaichora hivyo, akaendelea na safari.

Upande wa pili nao uliweka kumbukumbu. Wabutchulla walitunga wimbo juu ya meli ile, na ukarithishwa mdomo kwa mdomo hadi ukaandikwa. Ndani yake wanajiuliza wageni hawa wanaelekea wapi, na wanahofu kwamba wataingia Thoorvour, mahali penye mafungu hatari upande wa kaskazini wa kisiwa. Wanaona moshi baharini, na chombo kinachopotea machoni kama kaa wa ufukweni anavyojifukia mchangani. Nimeutafakari wimbo huu mara nyingi, na kinachonigusa ni kwamba ni maneno ya watu wanaoijua bahari yao. Hawamshangai mtu aliyeshuka mbinguni. Wanamtazama nahodha asiyejua njia, na wanajua atakwama wapi. Cook mwenyewe aliyaona mawimbi yakivunjika juu ya mafungu yale yale, akayapa jina la Breaksea Spit. Jambo moja limeshuhudiwa na pande mbili, ila kwa muda mrefu shahidi mmoja tu ndiye aliyesomwa.

Wala Cook hakuwa Mzungu wa kwanza kuiona Australia. Mholanzi Willem Janszoon alifika Rasi ya York mwaka 1606, na mwaka huo huo Mhispania Luis Váez de Torres akapita mlango-bahari unaobeba jina lake. Wasomaji wa pwani yetu nao huuliza juu ya sarafu za Kilwa. Ni kweli kwamba mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile, na tano kati yake zilikuja kutambuliwa kuwa za masultani wa Kilwa. Lakini ziliokotwa pamoja na sarafu za Kiholanzi zilizotengenezwa karne nyingi baadaye, na sarafu hupita mikono mingi. Zinatuonyesha jinsi biashara ya Bahari ya Hindi ilivyokuwa pana. Hazithibitishi kwamba jahazi la Kilwa lilitia nanga Australia, na anayesema hivyo mtandaoni anazibebesha mzigo usio wake.

Turudi mashariki. Mtu ambaye vitabu vingi humpa mstari mmoja, nami naona anastahili zaidi, ni Bungaree. Alikuwa Mwaborijini kutoka pwani ya kaskazini ya Sydney, na alisafiri na nahodha Matthew Flinders kama msuluhishi. Wazungu walikuwa na bunduki na darubini, lakini hawakujua namna ya kubisha hodi.

Mwaka 1799 wawili hao walifika kisiwa cha Bribie, kusini ya K'gari. Bungaree alishuka bila silaha, akabadilishana vitu na wenyeji, yeye akatoa mkanda akapewa kilemba cha manyoya ya kangaruu. Mambo yakawa mazuri. Kisha mwenyeji mmoja akaitaka kofia ya Flinders, na Flinders akakataa. Yule mtu akajaribu kuikwapua kwa kijiti kirefu chenye ndoano, watu wakacheka. Mashua ilipoanza kuondoka ukarushwa mkuki, Flinders akafyatua bunduki na watu wakajeruhiwa. Mahali pale pakaitwa Point Skirmish, yaani ncha ya mapigano. Ukisoma taarifa ya Flinders unamwona mwenyeji mkorofi. Mimi naona pia watu ambao kwao anayekanyaga ardhi ya mwingine hutoa kitu, na mgeni aliyetaka kupokelewa huku kilicho chake akikishikilia kichwani.

Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa Julai 1802, walifika Sandy Cape, ncha ya kaskazini ya K'gari. Bungaree alifanya kama kawaida yake: akavua nguo za kizungu, akaweka mkuki chini, akasogea peke yake. Akazungumza kwa lugha yake, hawakumwelewa. Akajaribu Kiingereza chake cha kubangaiza, hawakumwelewa pia. Flinders aliona jambo hilo la kuchekesha, lakini linatufunza kitu ambacho Wazungu walichelewa kukijua: mtu wa Sydney alikuwa mgeni K'gari sawasawa na mtu wa London. Hata hivyo subira ya Bungaree ilizaa matunda. Wenyeji walimruhusu akaribie, kisha wenzake wakafuata, zawadi zikatolewa, na watu wapatao ishirini wakaongozana nao hadi kwenye mashua wakala mafuta ya pomboo wawili waliovuliwa na mabaharia. Bungaree akawapa mkuki na kijiti cha kurushia, akawaonyesha namna ya kukitumia, kwa kuwa wao hawakuwa nacho. Siku ile hakuna damu iliyomwagika. Kilichokuwa tofauti na Bribie ni kwamba wageni walijishusha, wakangoja kuruhusiwa, wakatoa.

Sasa tuje kwa waliotupwa na bahari.

Machi 1823 wanaume wanne waliondoka Sydney kwa mashua kwenda kukata mierezi upande wa kusini. Dhoruba ikawasukuma kaskazini mamia ya maili, na mmoja akafa baharini. Waliobaki, Thomas Pamphlett, John Finnegan na Richard Parsons, walitupwa Aprili katika kisiwa cha Moorgumpin, ambacho Wazungu walikiita Moreton, wakiamini bado wako kusini ya Sydney. Wangekufa. Wenyeji wa visiwa vile waliwalisha samaki na mizizi ya kangaga iliyopondwa, wakawahamisha kutoka kisiwa hadi kisiwa, wakawapa mahali pa kulala. Siku moja Pamphlett alichemsha maji kwenye kopo la bati, na wenyeji waliotazama maji yakitokota wakatimua mbio, maana wao walioka na kuchoma chakula, hawakuwa na chombo cha kuchemshia. Novemba mwaka ule John Oxley, mpima ardhi wa serikali, alimkuta Pamphlett ufukweni Bribie akiwa katikati ya wenyeji, mwenye afya. Pamphlett na Finnegan ndio waliomweleza Oxley juu ya mto mkubwa ulioko karibu, na Finnegan akamwongoza. Leo kando ya mto huo uko mji wa Brisbane. Oxley akahesabiwa kuwa ndiye aliyeugundua, na wenyeji waliowalisha na kuwatembeza watu wale hadi wakaujua hawakutajwa.

Kwa nini walihifadhiwa? Hapa ndipo penye ile dhana kwamba wenyeji waliwaona Wazungu kuwa miungu. Si kweli. Katika sehemu nyingi za pwani hii watu waliamini kwamba roho ya aliyekufa huweza kurudi, na kwamba inaporudi huwa nyeupe. Hii haikutokana na kuutukuza weupe. Ngozi ya juu ya maiti ikitoka, inayobaki chini ni nyeupe, na waliokuwa wakiwaandaa marehemu wao kwa mikono yao walilijua jambo hilo vizuri. Kwa hiyo mtu mweupe aliyetokea ufukweni, amekonda, hajui lugha, hajui hata kutafuta chakula, alifanana na marehemu aliyerudi akiwa amesahau kila kitu. Watu humchunguza: anatembea kama nani, ana kovu la nani, pua ni ya nani. Akifananishwa na mtu, basi ni mwana, ndugu au mume wa fulani, na mara moja anapata ukoo. Hapo anajulikana nani amlishe, nani asimkaribie, nani amuoe, nani amtetee. Asiyefananishwa na mtu hana mahali, na katika jamii ambayo kila haki hupitia udugu, kukosa mahali ni hatari ya kufa.

Mifano iko wazi. James Davis, kijana Mskoti aliyetoroka gereza la Moreton Bay, karibu na Brisbane ya leo, mwaka 1829, alitambuliwa kuwa mwana wa mzee mmoja wa bara, akaitwa Duramboi, akakaa hadi mwaka 1842. Mbali zaidi, katika kisiwa cha Muralag kwenye Mlango-Bahari wa Torres, binti Barbara Thompson aliokolewa na wavuvi wa Kikaurareg, wenyeji wa kisiwa hicho, baada ya chombo alichokuwemo kuvunjika mwaka 1844. Mzee mmoja alimtambua kuwa ni Giom, binti yake aliyefariki. Barbara aliishi kama Giom karibu miaka mitano, akajifunza lugha, hadi Oktoba 1849 alipoamua kupanda meli ya Kiingereza, Rattlesnake, na kurudi kwao. Mchoraji aliyekuwemo melini, Oswald Brierly, alikaa naye akaandika alichosimulia: nani ndugu ya nani, chakula gani huliwa msimu gani, ugomvi huanzaje. Simulizi yake haina kelele, na pengine ndiyo sababu haikuvuma.

Iliyovuma ni ya Eliza Fraser.

Mei 1836 merikebu Stirling Castle iliondoka Sydney kwenda Singapore chini ya nahodha James Fraser, ambaye alikuwa mgonjwa na alisafiri na mkewe Eliza, mjamzito. Kabla ya mwezi kwisha iligonga miamba ya matumbawe ya Swain, mbali sana na pwani. Watu wapatao ishirini waligawanyika katika mashua mbili. Eliza alijifungua ndani ya mashua inayovuja, maji yakiwa yamemfika kiunoni, na mtoto akafa. Mashua moja ikaiacha nyingine. Baada ya zaidi ya mwezi baharini, mwishoni mwa Juni, mashua ya akina Fraser ilifika K'gari. Wabutchulla walikuja, na biashara ikaanza papo hapo: samaki kwa nguo. Baharia wengi wakashika njia ya kusini kando ya bahari, wakawaacha nyuma nahodha mgonjwa, mkewe na wachache.

Kundi lile la nyuma likapokelewa na wenyeji na kutawanywa. Nahodha akafa; Eliza alisema mumewe alichomwa mkuki. Ofisa wa kwanza naye akafa. Eliza akachukuliwa na wanawake, akakaa nao chini ya miezi miwili, kwanza kisiwani kisha bara. Malalamiko yake yalikuwa haya: alipakwa mkaa na mafuta mwilini, alitumwa kuni na maji, alilazimishwa kuchimba mizizi na kupanda miti kutafuta asali, alipewa mtoto mgonjwa amlee, alipigwa alipozembea, alikula mwisho.

Sikatai kwamba aliteseka. Alikuwa mgonjwa, amezika mtoto, amefiwa na mume, haelewi neno hata moja. Lakini soma tena orodha ile ukiwa na methali yetu kichwani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mizizi, kuni, asali na kulea watoto zilikuwa kazi za kila mwanamke wa Kibutchulla, na asiyechimba halishwi na waliochimba siku zote. Miezi ile ni ya baridi kule, msimu wa samaki aina ya mkizi, watu wengi wamekusanyika pwani na kila mkono unahitajika. Mkaa na mafuta vilikuwa kinga ya mwili, na mwili wa Eliza ulikuwa umeungua kwa jua na chumvi. Ama mtoto, nadhani wanawake wale waliona mwanamke aliyetoka kujifungua, ana maziwa, hana mwana. Kumpa mtoto mgonjwa amnyonyeshe lilikuwa jambo la busara. Eliza aliliona kuwa utumwa. Masimulizi ya wazee wa Kibutchulla yanasema wanawake walimpaka alama ya udongo mweupe, ishara kwa makundi mengine kwamba asidhuriwe, asaidiwe afike kwao.

Njia aliyookolewa nayo inathibitisha kwamba sheria ilikuwepo. Agosti baharia wawili waliokuwa wametembea kusini walikutana na luteni Charles Otter, na gereza la Moreton Bay likapata habari. Aliyejitolea kwenda kumtafuta Eliza alikuwa mfungwa, John Graham, Mwairishi aliyewahi kutoroka na kuishi na wenyeji kwa miaka sita hivi. Huko alitambuliwa kuwa mume aliyerudi wa mwanamke aitwaye Mamba, ambaye baadaye alifariki. Graham aliwaacha askari nyuma, akaenda peke yake hadi kwenye mkusanyiko mkubwa karibu na ziwa Cootharaba. Hakufyatua risasi. Alidai kwamba mwanamke yule mweupe ni roho ya Mamba, mke wake, na kwa hiyo ni haki yake kumchukua. Jamaa za Mamba wakamuunga mkono, shauri likazungumzwa, akapewa. Mfungwa mwingine mtoro, David Bracewell, alidai miaka sita baadaye kwamba yeye ndiye aliyemwokoa, na wapo waliomwamini, lakini taarifa zilizoandikwa wakati ule ule zinamtaja Graham.

Uharibifu ulitokea baadaye, kwenye karatasi. Maelezo ambayo Eliza aliyatoa mara tu baada ya kuokolewa ni mafupi. Sydney wakamchangia fedha. Februari 1837 akaolewa na nahodha mwingine, Alexander Greene, wakaenda Uingereza, na huko London akajitokeza mbele ya meya kama mjane asiye na kitu, akasimulia upya. Sasa mateso yalikuwa makubwa zaidi, mauaji ya kutisha zaidi, na ulaji wa watu ukawamo. Zikachangwa mamia ya pauni kabla haijajulikana kwamba ana mume mpya. Uchunguzi ukafanyika, na baharia walionusurika pamoja naye wakaeleza mambo yaliyopishana na yake. Mmoja wao, Henry Youlden, alichapisha simulizi yake mwaka 1853, na Eliza wa humo si malaika hata kidogo.

Kijitabu kilichochapwa New York mwaka 1837 kilikwenda mbali zaidi. Wabutchulla walichorwa na kuelezwa kama watu wa asili wa Marekani, wenye mashoka ya vita na mahema ya ngozi, vitu ambavyo K'gari havikuwepo kabisa. Aliyeandika hakuhitaji kuwajua wahusika. Soko la hadithi za mwanamke mweupe aliyetekwa lilikwisha kuwepo, na jina la kisiwa kipya liliingizwa katika kalibu ya zamani. Nalikasirikia jambo hili, kwa sababu halikuishia kwenye vitabu. Kila mfugaji aliyekuja pwani ile baadaye alikuja akiwa amekwisha kusikia kwamba wenyeji wake ni wauaji na walaji wa watu.

Nao walikuja. Mwaka 1842 eneo la Moreton Bay lilifunguliwa kwa walowezi huru, na ilipofika 1847 walikuwa wameanza makazi ya Maryborough, ng'ambo ya K'gari. Hawa hawakufananishwa na marehemu wa mtu yeyote kwa muda mrefu, maana hawakuomba mahali katika ukoo wala hawakutoa chochote. Walichukua maji, malisho na miti. Mapambano yakazuka pande zote mbili. Mwishoni mwa Desemba 1851 kikosi cha Polisi wa Asili, Waaborijini wa mikoa ya mbali walioongozwa na maofisa wa Kizungu chini ya Frederick Walker, kilivuka hadi kisiwani kuwasaka Wabutchulla. Walker aliripoti kwamba watu walikimbilia baharini wakifuatwa. Ripoti rasmi haikutaja vifo vingi. Wabutchulla wanasimulia mauaji makubwa. Mwaka 1897, mwaka wa sheria ya Queensland iliyoiruhusu serikali kuwahamisha Waaborijini ipendavyo, ilianzishwa kambi ya Bogimbah kisiwani humo humo. Watu wa mataifa tofauti walirundikwa pamoja, magonjwa na njaa vikawaua wengi. Ilipofungwa mwaka 1904, wengi wa waliosalia walipelekwa Yarrabah karibu na Cairns, zaidi ya kilomita elfu moja kaskazini. Wenye kisiwa wakaondolewa kisiwani, na jina la Fraser likabaki.

Oktoba 2014 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliwatambua Wabutchulla kuwa wenye haki ya asili juu ya K'gari. Ndipo madai ya jina, ambayo wazee waliyashikilia kwa miaka mingi, yakapata nguvu hadi kufika Juni 2023.

Basi, je, Eliza amefutwa? Nyaraka zake zipo, ushahidi wa wenzake upo, taarifa ya Graham ipo, na kila anayetaka kuzisoma anaweza. Kilichoondolewa ni jina la watu wawili waliofika pale kwa ajali, mmoja akafa na mwingine akakaa majuma machache, lililowekwa juu ya ardhi ya watu waliowapa samaki siku ya kwanza. Wabutchulla wenyewe hawakuacha kumsimulia Eliza. Wanamsimulia kama mgeni waliyemtunza, aliyekwenda kwao akawasema vibaya, na kwa karibu miaka mia mbili hawakuwa na jukwaa la kujibu.